Mchekeshaji wa Mfalme Juu ya Jeneza

ELKANA: Haloo? Nani mwenzangu?

ELINAJA: Usijifanye hunijui. Mimi mke wa mtani wako. Mjane wake, tangu Jumanne.

ELKANA: Shemeji! Pole na—

ELINAJA: Kaa na pole yako. Picha ya mume wangu iko wapi?

ELKANA: Ninayo.

ELINAJA: Wapi?

ELKANA: Kwapani. Nimekimbia nayo, nipo kituo cha basi Peckham, upande wa pili wa London.

ELINAJA: Peckham! Jeneza linaondoka saa tisa kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow, na wewe—

ELKANA: Mtandao unakata, sheme—

ELINAJA: Usinikatie! Nimefumbua macho baada ya sala, nakuta juu ya jeneza picha ya mzungu amevaa kofia ya kengele! Kola pana kama sinia la pilau! Anakenua meno mbele ya kanisa zima!

ELKANA: Hakenui. Mtazame vizuri, yule hacheki.

ELINAJA: Mchungaji kapoteza mstari. Binti yangu Lorraine ananivuta mkono, "Mum, who's that?" Ananiuliza huyo ni nani, nimjibu nini?

ELKANA: Mwambie ni mchekeshaji wa mfalme, alichorwa miaka mia nne iliyopita, na baba yake—

ELINAJA: Namjua! Ndiye huyo mume wangu alisimama akimlinda pale makumbusho miaka kumi na moja mpaka miguu ikavimba. Leo umeona umdhihaki naye?

ELKANA: Ni utani, shemeji. Mimi Mchaga, nyie Wapare. Msibani mtani anachukua kitu, wafiwa wanakikomboa. Tungekuwa kwenu kule Usangi usingeuliza.

ELINAJA: Hapa si Usangi, ni Walthamstow! Sina mama hapa, sina shangazi wa kunishika mkono, halafu wewe— [anavuta pumzi] Lete picha yangu.

ELKANA: Ikomboe kwanza.

ELINAJA: Nini?

ELKANA: Nitukane. Kiutani tu. Tangu afe hakuna aliyenitukana.

ELINAJA: Una wazimu wewe.

ELKANA: Alikuwa ananipigia kila akitoka kazini. "Mtani, leo nimekulinda masaa nane, hata mwizi hakutaki." Alisema yule kwenye picha ni mimi mtupu. Basi nikasema leo zamu yangu. Nikae pale juu, nimlinde mimi.

[Laini inakwaruza.]

ELINAJA: Kila siku?

ELKANA: Kila siku.

ELINAJA: Saa kumi na mbili na robo? Anasimama nje kwenye baridi, anacheka peke yake?

ELKANA: Ndiyo. Kwani—

ELINAJA: Nilijua ni mwanamke.

ELKANA: Ati nini?

ELINAJA: Jumatatu nilimfungia mlango kwa ajili ya hiyo simu. Nilimgombeza mpaka majirani wakasikia. Hakujitetea, Elkana. Alicheka tu. Asubuhi nikamkuta amekwisha— Kwa nini hakuniambia?

ELKANA: Shemeji...

ELINAJA: Nyamaza! Kwa nini *wewe* hukuniambia? Mchaga mkubwa mzima, kichwa kama boga, kupiga domo na mume wa mtu kila jioni kama kigori! Hata ukining'inizwa ukutani nani akuangalie?

ELKANA: Imekombolewa. Naja. Basi hili hapa—

ELINAJA: Saa tisa! Ukichelewa usinione tena.

ELKANA: Na yule mzungu nitamtoa nikifika, usi—

ELINAJA: Umguse uone! Nimemweka sasa hivi ndani ya jeneza, kifuani pa mume wangu. Anasafiri naye.

ELKANA: Shemeji? Umesemaje? Haloo? Haloo?