Vuta-Pumzi na Wingu Ambalo Halikuwepo

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunaomba mtusikilize kwa muda mfupi, tuwaeleze maisha ya mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Vuta-Pumzi.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1953, akiwa kitinda mimba wa seremala na mshonaji, na kwa kuwa kaka na dada zake walikuwa wamemwacha mbali kwa umri, alikua kama mtoto wa pekee, akicheza peke yake nyuma ya karakana ya baba yake. Alimaliza sekondari mwaka 1971, akajiunga na chuo cha afya, na mwaka 1975 akahitimu kuwa mpiga picha za eksirei.

Aliajiriwa mwaka huohuo katika hospitali ambayo hakuihama hadi alipostaafu, akifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido, na jina lake la utani alilipatia humo, kwa sababu kila aliyesimama mbele ya mashine aliambiwa kwa sauti ileile ya upole, "Vuta pumzi, ishikilie, haya achia," maneno ambayo wenzake wanasema aliwaambia hata waliompigia simu wakiwa na hasira.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mkunga wa hospitali hiyo, na mwaka 1984 wakajaliwa binti yao mmoja. Mama alikuwa wa zamu za usiku na baba wa mchana, kwa hiyo kwa miaka mingi walipishana mlangoni, mmoja akivaa viatu na mwingine akivua, wakiahidiana kwamba wakistaafu watakaa pamoja hadi wachokane. Haikuwa hivyo. Mama alifariki Agosti 2011 kwa maradhi ya moyo, na binti yao alikuwa ameshapata kazi ng'ambo.

Alipostaafu mwaka 2013, marehemu alinunua darubini na kamera, akaanza kupiga picha za nebula, yaani yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, mengi yakiwa hafifu kiasi kwamba jicho tupu haliyaoni. Binti yake alipomuuliza kwa nini halali kama wazee wenzake, alimjibu, "Nikikaa ndani nasikia friji tu, mama." Alipanda na vifaa vyake hadi juu ya paa la jengo la ghorofa alimoishi, akapiga sehemu ileile ya anga mara nyingi, kisha mchana akakaa kwenye kompyuta akizipanga picha hizo moja juu ya nyingine, chengachenga zikafutika na mwanga ukajitokeza kidogo kidogo, kazi ambayo macho yake yaliizoea kwa miaka ya kutafuta vivuli kwenye mapafu ya watu. Jirani wa ghorofa ya pili aliwahi kumpandia akiwa amefura, "Mzee, hilo bomba unamchungulia nani?", akaonyeshwa skrini, akaona doa la kijivu, akasema, "Ni hilo tu?", akashuka zake akicheka.

Mwaka 2019, kando ya nyota moja angavu, aliona upinde mwembamba wa wingu, kama kipande cha ukucha, ambao haukuwemo katika picha ya mtu mwingine yeyote, akautuma kwa chama cha wapenda anga mtandaoni. Pongezi zikamiminika, redio ikamhoji, shule ikamwalika, majirani wakabisha hodi, na binti yake, aliyekuwa akipiga simu mara moja kwa mwezi, akawa anapiga karibu kila siku, hata akaomba likizo ili aje washerehekee.

Siku chache baadaye aliisogeza kamera kidogo apige upya, na upinde nao ukasogea. Kilicho angani hubaki na nyota zake, lakini huu uliifuata kamera, maana yake ulikuwa mng'ao wa ile nyota ukijirudia ndani ya vioo vya darubini yake mwenyewe. Hakuna mwingine aliyejua. Alikaa na jambo hilo moyoni, akipika chakula cha mtu mmoja na kuosha sahani moja, huku akiendelea kupokea pongezi, mpaka akashindwa, akakiandikia chama kwamba alikosea, kisha akampigia binti yake.

"Mama, lile wingu halipo. Ni kioo changu tu. Kama hujakata tiketi, usijisumbue."

Binti akasema, "Baba, mimi nilidhani nakuja kwako."

Alikuja, na mvua ikanyesha siku zote alizokuwepo, marehemu akaomba radhi kwa mvua hiyo kana kwamba ni yeye aliyeifungulia, wakashinda ndani wakisafisha picha za zamani, akimfundisha, "Ukiuvuta mwanga wake sana, picha itang'aa, lakini utakuwa umeichora, hujaipiga." Binti alipoondoka, simu zikarudi kuwa za mwezi kwa mwezi, redio haikupiga tena, naye akarudi juu ya paa.

Mwishoni mwa 2022 alianza kukohoa. Alipopigwa eksirei aliomba aione picha yake, akakitambua kivuli kabla hajaambiwa, akamrudishia daktari, akamsihi asimwambie binti yake kwanza. Binti alijua Januari, akaja, akamuuguza, na pembeni ya kitanda akaziunganisha picha zake za mwisho za anga kuwa moja, akielekezwa kwa sauti iliyokuwa imekwisha, "Acha weusi wake." Marehemu alifariki alasiri ya tarehe 14 Machi 2023, binti yake akiwa ametoka kumfuatia maji ya moto.

Picha iliyo kando ya jeneza ndiyo hiyo. Haijaharibika, ni nyeusi kwa sababu ndivyo kulivyo huko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wapiga picha za eksirei waliomhudumia mwenzao, majirani walioshusha vifaa vyake kutoka kwenye paa, akiwemo yule wa ghorofa ya pili, pamoja na wanachama wa chama cha wapenda anga, ambao hawakuwahi kumwona uso kwa uso.

Pumzika sasa, baba. Umekesha vya kutosha.