Shira Iliyogeuka Nyeupe

Ting.

Mliisikia nyote jana usiku, sauti moja tu ya kijiko kugonga ukingo wa sufuria, na asubuhi nikawasikia mkibishana sebuleni, huyu anasema panya, yule anasema paka wa jirani, na kitinda mimba wangu akaapa kwamba ni marehemu baba yenu amerudi kutafuta chai. Hakuwa panya, wanangu, wala hakuwa baba yenu, ambaye hata alipokuwa hai hakujua sufuria zinakaa wapi. Nilikuwa mimi. Nilishuka kitandani, nikaenda jikoni nikijishika ukutani, nikapika kioo kwa mara ya mwisho, na kilipogeuka nikagonga kijiko mara moja, vile alivyokuwa akigonga mwenyewe. Mwenyewe hasa, si mimi. Huyo ndiye niliyewaitia hapa. Sogeeni. Binti yangu, weka chini hicho kitambaa, jasho litakauka lenyewe. Na wewe, kifungua mimba, kaa huku mkono wa kulia, maana leo nina shida na wewe.

Vya kugawana havina maneno mengi. Tanuri ni la kifungua mimba, pamoja na ule mlango wake wa chuma usiofunga mpaka upigwe goti. Usiutengeneze, umeshazoea goti. Duka la mbele, kabati la vioo na mizani ni vya binti yangu, kwa sababu anajua kuongea na watu, na akikasirika anajua zaidi. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, kwa sharti kwamba aache kula kinyunga kibichi, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili. Usicheke, mwanangu, nakuona kila siku.

Kilichobaki ni kile mnachokingoja na kuogopa kukiuliza. Nacho ni kioo, kile kipako cheupe kinachong'aa juu ya skonzi zetu, ambacho watu wanavuka mji mzima kukifuata, na ambacho kwa miaka thelathini na minne nimekipika nikiwa nimejifungia mlango, hata wengine wakasema nina dawa. Dawa sina. Hata sukari ya unga sina, ile laini kama poda wanayoitumia waokaji wengine. Ni sukari hii hii ya chai, vikombe viwili, na nusu kikombe cha maji, na kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Ichemsheni bila kuikoroga, mpaka tone lake, mkilidondosha kwenye maji baridi, lijikusanye kama kidonge laini. Hapo epueni, muiweke sufuria chini, msiitikise. Mikono itawawasha, itataka kukoroga, ikalieni ikibidi. Wekeni kiganja ubavuni mwa sufuria. Kikiungua, ngojeni. Kikiungua tena, ngojeni tena, mpaka kitulie pale kama kwenye shavu la mtoto ambaye homa yake imeanza kushuka. Sasa korogeni.

Nimeona mambo, wanangu. Nimewazaa ninyi watatu. Nimemfumba macho baba yenu kwa mkono huu. Lakini bado sijazoea kinachotokea ndani ya sufuria ile. Unakoroga shira iliyo wazi kama maji ya kisima, unaona mpaka chini, unakoroga, hakuna kitu, mkono unachoka, unaanza kujilaumu, halafu linapita wingu, wingu jembamba kama pumzi ya mtu kwenye dirisha, na kabla hujasema lolote sufuria nzima imekuwa nyeupe. Hujatia maziwa, hujatia unga, ni sukari ile ile na maji yale yale, na imegeuka mbele ya macho yako kama alfajiri. Ilainishe kwa kijiko cha maziwa ya moto, imwage juu ya skonzi zikiwa bado na uvuguvugu, na ikikauka inama utazame. Utaona dirisha humo. Utaona uso wako.

Mimi sikuligundua jambo hili.

Ngojeni. Nipeni maji kidogo. Basi.

Aliligundua mdogo wangu wa kike. Ndiyo, yule ambaye humu ndani anaitwa "yule." Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, akawa anaosha trei. Babu yenu alimpa jina la utani akiwa mtoto wa kutambaa, kwa kuwa hakuweza kuona kitu kinachong'aa, kifungo, kijiko, hata tone la maji, asikifuate. Siku moja tulikuwa na skonzi mia mbili za harusi ya muuguzi, mvua ilikuwa imekata barabara, na sukari ya unga haikupatikana popote. Nikatwanga sukari ya chai kwenye kinu mpaka mabega yakaniuma, ikatoka kama mchanga. Nikapika shira, na kwa haraka zangu nikaikoroga ingali motoni, nayo ikawa mchanga vilevile. Nikakaa chini nikalia. Yule mtoto akasema, "Dada, niachie hiyo ya pili." Akaepua, akaweka kiganja ubavuni, akatulia. Nikamfokea, nikamwambia watu wanasubiri yeye anapapasa sufuria kama paka. Alikuwa anatazama mle ndani namna babu yenu alivyokuwa akitazama nyota. Ilipogeuka, aligonga kijiko mara moja, ting, kama mtu anayebisha hodi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, njoo uone kioo."

Jioni ile muuguzi alikuja mwenyewe kushukuru, akauliza mbele ya watu wote, "Nani amefanya ajabu hii?" Na mdogo wangu alikuwa amesimama pale, trei mikononi, uso wake umeshaanza kucheka. Nikasema, "Mimi."

Neno moja tu. Usiku akaniambia, "Dada, sitaki kitu, sema tu mara moja kwamba ni mimi." Nami nikamjibu, "Unakula kwangu, unalala kwangu, sasa unataka na kusifiwa kwangu?" Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mizani, akatoka. Niliwaambia ninyi kwamba ametutupa. Nikakataza jina lake. Na wewe, kifungua mimba, ulikuwa na miaka sita, ulikuwa unampenda kuliko unavyonipenda mimi. Siku ya tatu ukasimama mlangoni ukaliita kwa nguvu barabarani, na nikakupiga kofi ambalo mkono wangu unalikumbuka mpaka leo. Hujalitamka tena. Naomba msamaha wako. Usiitikie sasa, ngoja.

Mwezi uliopita binti yangu aliingia humu akitoa moshi puani. "Mama, kuna kizee kule kituo cha treni kinatuigiza! Kinauza skonzi zenye kioo, na watu wananunua! Nitaenda na mtu wa serikali za mitaa, meza ile itaondoka." Akanitupia moja kitandani kama ushahidi. Nikaiuma. Wanangu, nilikuwa nimelala kwenye mito hii hii, na mdomo wangu ukamjua kabla yangu. Kizuri kuliko changu, chembamba, kimetulia. Wala haigizi, binti yangu. Sisi ndio tunaomwigiza.

Kwa hiyo msiende na mtu wa serikali. Nendeni ninyi watatu, kesho, na miguu yenu. Bebeni sufuria ile yenye mpini uliofungwa waya, ni ile ile. Kioo cha jana kingalimo, nimekifunika. Chukueni na aproni, iko chini ya nguo zangu, sijaikunjua. Msimwambie nasikitika, neno hilo ni dogo. Mwambieni nimesema ni yeye. Mwambieni dukani, pale juu ya mlango palipoandikwa jina langu, patafutwa na kuandikwa lake, na ninyi mpige rangi wenyewe. Akitaka kuja, kitanda hiki… akitaka. Asipotaka, mnunue skonzi kama watu wengine, mrudi.

Mungu awape mikono yenye subira. Awape… awape watu wa kuwaambia njooni muone. Na mkiona kitu kizuri cha mwenzenu, semeni. Siku hiyo hiyo. Semeni.

Mbona pamekuwa peupe dirishani. Au ni… Hapana, msiwashe taa.

Kimebaki kimoja. Jina. Ndugu zako hawalijui, walikuwa hawajazaliwa, mtamwitaje kituoni? Nilitaka nilitaje mimi. Jana jikoni nilijaribu, baada ya kugonga kijiko, na ulimi… miaka thelathini na minne… ulimi umesahau njia. Kifungua mimba. Leta shavu. Hili hapa. Liweke kwenye kiganja changu, hivyo. Hakiungui tena. Mwanangu, simama mlangoni kama siku ile. Sitakupiga. Liite, nilisikie. Liite kwa nguvu…

"Kimulimuli! Mama mdogo! Kimulimuli!"