Dkt. Jescah Naliaka na Milima ya Wino

Ndugu waombolezaji, familia ya Mzee Barasa wa Likuyani imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Dkt. Jescah Naliaka, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, Likuyani, mtoto wa tatu wa Mzee Barasa, katika nyumba ya wakulima wa mahindi, akasomea huko huko nyumbani, na Septemba 1988 akapata nafasi ya kwenda Nanjing, China, kusomea kilimo, baba akachinja ng'ombe kwa furaha.

Mwaka uliofuata wenzake walimpeleka makavazi kutazama michoro ya kale, akasimama mbele ya mlima uliochorwa kwa wino juu ya hariri, ukungu wake ukiwa ni mahali ambapo mchoraji hakugusa kabisa, akakumbuka asubuhi za kwao, akalia mbele ya watu. Aliacha kilimo, akashika historia ya sanaa ya China. Baba alipopata habari alisema, “Mtu anaendanga China kuangalia picha?” na kwa miaka mingi hakumwandikia tena.

Alirudi mwaka 1997 na shahada ya uzamifu, akaajiriwa chuo kikuu hapa Kakamega, na tarehe 12 Desemba 1998 akafunga ndoa na Bwana Titus Were wa Musanda, wakajenga Shieywe, Mungu akawapa Mitchel na Elvis. Siku moja mwaka 2003 baba alitokea darasani bila taarifa, akaketi nyuma, kofia magotini, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza bintiye, “Kesho unafundisha saa ngapi?”

Mwaka 2019 kisukari kilimnyang'anya macho, lakini hakuacha kufundisha, wanafunzi walimweleza mchoro uliokuwa ukutani, naye akawauliza, “Na yule mtu mdogo kwenye daraja, mmemwona?” nao wakasogea karibu, wakamkuta. Figo zilishindwa Januari mwaka huu, akafariki alfajiri ya tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Titus.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Shieywe waliokesha nasi, na walimu wenzake pamoja na wanafunzi, ambao walikuwa macho yake kwa miaka sita.

Umechoka vya kutosha, dada yetu. Lala kwa amani.