Mwaro Charo Ngowa, Mchoraji Ambaye Wino Wake Ulifika Mombasa

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu kama familia iyajuavyo.

Marehemu Mwaro Charo Ngowa alizaliwa Gede, Jumatatu tarehe 4 Juni 1951, mtoto wa pili wa Mzee Charo Ngowa na Mama Kadzo Thoya. Alisoma hapa Gede kuanzia 1959, akamaliza sekondari Malindi mwaka 1970, na tarehe 1 Februari 1972 akaajiriwa karani wa ghala katika kiwanda cha chumvi, Gongoni, alikofanya kazi hadi alipostaafu 2006. Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa Nyevu Karisa, wakajaliwa watoto watatu, Charo, Cynthia na Joram.

Kuchora vibonzo alianza tangu shuleni, lakini mwanzoni mwa 1985 nusura aache, kwa kuwa michoro mitatu aliyolipelekea gazeti moja la Mombasa ilifika imechujuka, nyuso zote zimekuwa madoa, na mhariri, Bwana Ochola, akamwandikia kwamba mmoja zaidi ukifika hivyo, nafasi atapewa mwingine. Kosa lilikuwa la makarani wote wa enzi zile, waliochagua kalamu kwa kofia ya dhahabu ionekanayo kwenye mfuko wa shati, wasiulize wino wake utafanya nini ukikutana na unyevu wa pwani.

Akaenda Malindi, dukani kwa Bwana Lakhamshi, na chupa ya dawa iliyojaa maji ya chumvi ya Gongoni. Alizipita kalamu zenye kofia za kung'aa, akaomba zile nyeusi, kila moja akaipigisha mstari mwembamba, mstari mnene na kona ya ghafla kama ya sikio, akahesabu hadi sitini, kisha akasugua kwa kidole kilicholowa.

"Bwana Mwaro, kalamu waziosha kama samaki?" Lakhamshi akamtania.

"Kofia hubaki mfukoni, mzee wangu. Wino ndio uendao Mombasa."

Nane zilichujuka. Ya tisa, ya plastiki, isiyo na sura, haikutoa hata kivuli, na mwenye duka akaita jirani aje aone. Akainunua hiyo; ncha yake ilikuwa ikiziba upesi, hivyo Mwaro aliiosha kwa maji vuguvugu kila jioni bila kukosa.

Alhamisi, tarehe 28 Machi 1985, gazeti lilitoka na mchoro wa diwani akivuka dimbwi mgongoni mwa mpiga kura, kila unywele ukionekana, na Gongoni nzima ikacheka, diwani mwenyewe akiwemo. Tangu siku hiyo hakukosa Alhamisi hata moja.

Mwaka 2022 figo zilimdhoofisha, lakini mkono wa kushoto ukiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, wa kulia ulichora, muuguzi Nyokabi akimshikia ubao. Alituaga Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, mchoro wa juma hilo ukiwa umeshatumwa. Siku ya tatu, tukiwa matangani, gazeti likaletwa, na mkewe Nyevu akalipitisha mkono kwa mkono, watu wakacheka huku wakifuta machozi. Mchoro huo ulikuwa wa elfu mbili na thelathini na nne.

Familia inawashukuru Daktari Phineas na wauguzi wake, majirani wa Gede mliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa Gongoni, na Bwana Bhavik, mwana wa Lakhamshi, aliyefunga duka leo ili awe hapa.

Mwaro wa Charo wa Ngowa, kazi umeimaliza na imesomeka. Pumzika kwa amani.