Usukani wa Inchi Kumi: Kumuaga Mzee Ladislaus

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Ladislaus Mutakyawa atavua kitambulisho chake na kukikabidhi mlangoni, baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi minne ya kazi katika ghala letu hapa South End, Louisville. Ofisi iliniomba niandike wasifu wake kwenye jarida letu la kazini kwa maneno mia tatu, ya kufurahisha, yasiyogusa mambo ya kazi. Maneno mia tatu hayatoshi hata kumsimulia akiegesha pikipiki, kwa hiyo nimekalia pia nafasi ya tangazo la usafi wa friji. Kostansia wa ofisi ya mishahara amenipitishia kalamu ili Kiswahili changu kisinuke Bukavu mno. Makosa yaliyobaki ni yake.

Mzee Ladislaus ni mtu wa Karagwe, Tanzania. Aliingia Marekani kupitia Buffalo, mwezi wa Januari, akiwa amevaa koti la harusi yake na viatu vya kanisani. Baada ya majira mawili ya baridi alimchukua mkewe, Mama Germana, na binti yao Clara, akahamia Louisville kwa kuwa alisikia kwamba huku theluji ina adabu. Clara alikua, akarudi Buffalo kusomea uuguzi, akapata mume na watoto huko. Tangu hapo mzee amekuwa akitangaza kwamba siku akistaafu atamfuata binti yake kwa pikipiki, Louisville hadi Columbus, Columbus hadi Buffalo, upepo kifuani. Clara amemjibu kwa Kiingereza, zaidi ya mara moja, kwamba ndege zipo.

Kazini alianza kwa kufagia milango ya malori, akapanda cheo hadi kupakia, na mwaka 2009 akahamishiwa idara ya bidhaa zinazorudishwa, ambako hajatoka hadi leo. Kwa wageni watakaohudhuria hafla: watu wakiagiza kitu mtandaoni kisha wakajuta, majuto yao huja kwetu. Tunafungua boksi, tunakagua, tunabandika namba ya sababu. Namba moja, kimevunjika. Mbili, sicho kilichoagizwa. Tatu, mteja kabadili mawazo. Nne, mteja kakosea kipimo. Mzee Ladislaus hakuwahi kuwahurumia watu wa namba nne. Miaka yote hiyo amesimama mbele ya viatu vya majitu na mapazia ya madirisha ya wanasesere akitikisa kichwa. "Mtu anashindwaje kuupima mguu wake mwenyewe?" ndilo swali lake la kila asubuhi.

Hajawahi kubandika namba isiyo sahihi hata mara moja. Amefundisha watu wasiopungua arobaini, nami nikiwa mmoja wao. Nilifika mwaka 2015, Kiingereza changu chote kikiwa "yesi" na "sori", akanisimamisha upande wa pili wa meza yake, akanipa kisu cha kufungulia maboksi na somo ambalo limeniweka hai: "Dada Adolphine, kisu kielekee nje. Tumbo libaki la kwako." Tangu siku ile tumetazamana juu ya meza hiyo moja.

Sasa nifike kwenye meza yenyewe, na ofisi inivumilie. Aliyenunua meza zetu sijui alimpima nani, lakini hakuwa mtu mzima. Ukifanya kazi hapo lazima upinde mgongo na kushusha mabega. Mwaka 2022 mabega ya mzee yaligoma. Mtaalamu wa viungo alimwambia kwamba chochote anachokishika kwa muda mrefu kiinuliwe sentimita kumi, la sivyo ifikapo siku ya kustaafu hataweza kujivalisha koti. Akaandika fomu, akiomba meza iinuliwe sentimita kumi. Fomu ya kwanza ilijibiwa kwa bango la ukutani linaloonyesha mtu mwenye tabasamu akinyanyua boksi kwa nguvu ya magoti. Ya pili ilijibiwa kwa mkanda wa kiuno, saizi ndogo, ambao mzee aliubandika namba nne na kuurudisha. Ya tatu niliipokea mimi, mjumbe wa kamati ya usalama, nikamwambia asubiri kidogo, kwa sababu nilikuwa naomba likizo ya wiki tatu na sikutaka kelele. Likizo nilipata. Ya nne hakuna ajuaye iliko.

Baada ya hapo hakuandika tena. Badala yake aligeukia kitu pekee ambacho hakihitaji fomu, yaani pikipiki yake. Ni Honda nyekundu ya mwaka 1981, aliyoinunua Columbus kwa profesa mmoja mstaafu. Profesa huyo alijiona mwanariadha wa mbio za pikipiki, akaiwekea usukani wa chini kabisa, hata dereva anaendesha akiwa amelala kifudifudi juu ya tangi la mafuta. Kwa mabega ya Mzee Ladislaus hiyo ilikuwa meza nyingine, ila hii ina magurudumu. Ilikuwa wazi kwamba kwa usukani ule hafiki hata Cincinnati. Mwaka jana mwezi wa Oktoba akaamua kuubadilisha.

Alipima kwa futi ya ushonaji ya Mama Germana. Alipima mara tatu, maana yeye si mtu wa namba nne. Sentimita kumi kamili. Akaingia mtandaoni, akatafuta usukani, akafika kwenye kisanduku cha kimo, akaandika kumi, akalipa. Kisanduku kilikuwa cha inchi.

Usukani ulipofika ulikuwa na pembe ndefu kuliko za mbuzi wa sikukuu. Mtu mwingine yeyote angeurudisha siku hiyo hiyo. Lakini kuurudisha kulimaanisha kwamba mahali fulani katika nchi hii, juu ya meza fulani, mfanyakazi fulani angemkejeli Ladislaus Mutakyawa kwamba ameshindwa kupima. Akaufunga. Aliufunga kwa bolti zile zile na nyaya zile zile za zamani: wa mafuta, wa klachi, pamoja na mpira wa breki. Vyote vilikuwa vifupi, akavivuta hadi vikafika, akajipongeza.

Jumatatu alikuja kazini mikono ikiwa juu ya masikio, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Hilo lilikuwa la kuchekesha, lakini si tatizo. Tatizo lilijitokeza alipokata kushoto kuingia kwenye maegesho. Usukani ulivuta waya wa mafuta, waya ukafungulia injini, na pikipiki ikanguruma yenyewe na kukimbilia kichaka cha meneja. Kichaka kilipona. Tangu siku ile, kwa miezi mitano mizima, Mzee Ladislaus alikuwa anakata kulia tu.

Naomba wasomaji walifikirie jambo hili taratibu. Kutoka kwake hadi hapa ni dakika kumi na mbili. Penye kona moja ya kushoto yeye alizunguka mtaa mzima kwa kona tatu za kulia. Alikuwa akitumia dakika arobaini, akipita mbele ya duka moja la vyakula mara mbili kila asubuhi, na mwenye duka akawa anamsalimia mara mbili. Mara tatu pekee alizochelewa kazini katika miaka ishirini na mmoja zote ni za majira hayo. Ombeni, anayeendesha foklifti, alikuwa akichungulia mlangoni na kutupa taarifa: "Ule muzee anakataka kuume tu. Donc atafika kesho." Jina lake la utani, Namba Nne, lilianzia kwenye foklifti hiyo, nami nililisambaza kwa bidii.

Mama Germana hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akimkanda mabega kila jioni, na mabega yalikuwa yanazidi kuwa mabaya, kwa sababu mikono iliyo juu sana huumia sawa na iliyo chini sana. Mwezi wa Machi alitoa hukumu: kabla ya siku ya kustaafu, pikipiki ikate kushoto na kulia kama za watu wengine na mzee aiendeshe bila kuugulia, au iondoke nyumbani. Hataki kuwa mjane kwa sababu ya waya. Mzee alijaribu kubishana, akashindwa ndani ya dakika nne.

Mnunuzi alipatikana Columbus, kijana Mkenya aitwaye Yonasi, anayesomea uhandisi na kupanga chumba karibu na chuo. Tuliipakia pikipiki kwenye pikapu ya mume wangu, mimi nikiendesha na mzee akigeuka kuiangalia kila kona kama anapeleka mgonjwa. Yonasi aliipenda, akaizungusha, akaketi juu yake, akawasha, akakata kushoto. Dakika moja baadaye alikuwa amesimama kando ya barabara akijipangusa suruali. "Wacha nithink about it, mzee," alisema kwa heshima zote, na hadi leo anafikiria.

Kurudi tulipitia duka moja la Morse Road, huko huko Columbus, kununua dagaa. Mwenye duka, Gasore, alikuwa fundi wa pikipiki Uvira kwa miaka kumi na mitano kabla ya kuwa mkimbizi, na alipotoka nje kutusaidia kubeba akaiona Honda kwenye pikapu. Aliushika usukani, akaukunja kushoto, akaangalia waya ukikaza, akacheka hadi akakaa chini. Halafu akasema maneno ambayo mzee ameyanukuu mara nyingi kuliko Injili: "Bon, muzee, gido ulipandisha, na makable ulibakisha ya zamani. Moto haina kosa. Wewe ndiyo uko na kosa." Kwao gido ni usukani, na moto ni pikipiki. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mzee Ladislaus hivyo. Akamuuliza Gasore kama ana futi.

Gasore alichomoa stoo usukani uliotumika, mpana, ulioinuka sentimita kumi, na mzee akaupima mbele ya mashahidi. Nyaya ndefu ziliagizwa. Ule wa inchi kumi mzee aliurudisha kwa posta, na kwa kuwa dunia haina huruma, ulitua kwenye meza yetu wiki iliyofuata. Nilitaka kuupitisha. Mzee aliuchukua mikononi mwangu, akakagua mikwaruzo, akahesabu siku zilizopita, akalikataa ombi lake mwenyewe kwa mwandiko safi: umetumika, muda umekwisha, sababu namba nne. Sasa uko barazani kwa Mama Germana, unaanikiwa mitandio.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilileta mashine mpya ya kukagua maboksi. Mkono wa mashine haufiki chini. Basi walikuja mafundi wawili baada ya chakula cha mchana, na kabla ya saa tisa meza zote sita zilikuwa zimeinuliwa. Mzee Ladislaus alisimama akiwaangalia. Walipomaliza alipiga goti, akachungulia mguu wa meza, akasema, "Kumbe zina bolti." Kisha akaendelea na kazi. Meneja wetu atazungumza kwenye hafla kuhusu kampuni inavyowajali watu wake, na ninawaomba wote tumsikilize kwa makini.

Jumamosi iliyopita Gasore alikuja Louisville na nyaya, akazifunga hapa hapa kwenye maegesho. Mama Germana alikuwa amekuja na kiti chake cha kukunja, na namba ya simu ya wanunuzi wa vyuma chakavu akiwa ameiandika kwenye kiganja. Mzee aliwasha, akaanza kwa kukata kulia, nasi tukamzomea. Halafu akakata kushoto. Injini haikupandisha sauti. Akakata tena kushoto, na tena, akaizunguka nguzo ya taa mara tano, mikono ikiwa mbele ya kifua, mahali pake. Tulikuwa tumejiandaa kucheka na hatukuwa na la kucheka.

Aliporudi akashuka na kusimama karibu nami, akiwa hajauinamisha mgongo wala kujishika bega, na nikajikuta nainua kichwa kumtazama. Miaka kumi na mmoja nimekuwa upande wa pili wa meza ile, nikimwona kila siku, nikimtania kila siku. Nilidhani tunalingana. Sikujua kwamba Mzee Ladislaus ni mrefu kunizidi. Niliona aibu, na bado ninayo ninapoandika haya. Mama Germana alikunja kiti, akafuta kiganja kwa kanga, akasema, "Haiuzwi."

Mzee, kwa niaba ya wote uliotufundisha, tunakushukuru kwa vidole vyetu na kwa uvumilivu ambao hatukustahili kukuomba. Barabara iwe kavu, nawe ukate upande wowote unaotaka. Ukifika Buffalo, shuka, usimame wima mlangoni kabla ya kubisha, Clara amwone baba yake alivyo mrefu.

Adolphine Nshombo
Idara ya Bidhaa Zinazorudishwa