Windows na Mgeni Wake

Teksi ilipotoka Kasese, abiria wawili mbele yangu walikuwa tayari wamepakata kompyuta moja. Achille, wakala wa forodha wa Mpondwe mpakani, alikuwa ameongeza mwenyewe mfumo wa pili, Linux, na Windows yenye hati za malori yake ikapotea. Ronah, fundi wa kompyuta, aliandika amri moja, akaiwasha kompyuta upya. Majina ya mifumo yote miwili yakatokea kwenye skrini, mtu achague.

“Aksanti, dada! Yote iko!”

“Sasa tuweke Windows mbele, ifunguke yenyewe usipochagua. Hiyo ndiyo ya kazi.”

“Apana. Linux iko mugeni. Mugeni anatangulia.”

“Mezani, ndugu yangu. Siyo ofisini.”

Kompyuta haikungoja uamuzi. Ilihesabu sekunde zake, ikafungua Linux. Achille alipiga makofi. Teksi ikasimama Bwera, Achille akainuka ashuke, lakini Ronah hakuiachia kompyuta.

“Kaa,” alisema. “Hatujamaliza.”