Kabureta Tatu na Sikio la Kushoto la Fundi Ziro

Fundi Ziro Mwambire anastaafu tarehe 30 mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na minane katika Karakana ya Mwendo Pole, hapa Malindi. Alikuja na spana mbili na shati moja. Shati lilikwisha zamani. Spana zipo, na kila mtu anajua kwamba haziazimwi, hata ukilia.

Alizaliwa Kaloleni na akasomea ufundi hukohuko kwa wamishenari. Alipofika mjini alipanga chumba Kisumu Ndogo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Baada ya miaka miwili akapewa malori ya chumvi ya Gongoni, yale yanayoliwa na kutu kabla hata tairi hazijawa vipara. Mwenye kuyaweza malori hayo, gari gani litamshinda? Kufikia mwaka wa kumi alikuwa fundi mkuu wa injini, na cheo hicho hakuna aliyekigusa mpaka leo.

Amefundisha mafundi kumi na mmoja, wawili wao wanawake. Hakuna gari lililowahi kutoka kwenye lango letu kabla yeye mwenyewe hajalipeleka mpaka barabara kuu na kurudi. Wazee wa karakana bado wanasimulia habari za gari la bibi harusi lililokata mkanda wa feni njiani kuelekea Watamu. Fundi Ziro alifika kwa bodaboda, akatazama huku na huku, akamvua bwana harusi tai, akaifunga pale mkanda ulipokatikia. Walifika kanisani. Katika picha zote za harusi ile bwana harusi ana shingo wazi kama mtu aliyetoka shamba, na anacheka.

Lakini kazi itakayomtaja Fundi Ziro ni hii ya mwisho, na sisi tuliokuwapo lazima tuieleze ilivyokuwa.

Mwezi wa Aprili ililetwa Datsun ya zamani, rangi ya maziwa, mali ya Mwalimu Jedida Thuku, mstaafu wa shule ya msingi anayekaa upande wa Casuarina. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, na ilikuwa inavuta mafuta kwa kabureta moja tu, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Marehemu mume wa Mwalimu alikuwa amenunua kabureta tatu za kuiwekea, ili kila moja ilishe silinda mbili, akafariki kabla ya kuzifunga. Zilikaa uvunguni mwa kitanda miaka kumi na moja, ndani ya leso. Mwalimu alitaka kuusikia mlio aliokuwa akiahidiwa kila Jumapili. Mwanawe alitaka mambo yaishe. Alikuwa ameshanunua injini nyingine Mombasa, ndogo, ya kisasa, na akaileta hapa uani ikiwa imefungwa nailoni. Wakakubaliana hivi: kabureta zikipatana kabla Fundi Ziro hajastaafu, injini ya zamani inabaki. Zisipopatana, inang'olewa na kuuzwa chuma chakavu, kwa sababu baada ya Fundi Ziro hakuna mwingine hapa aliyewahi kuzifunga.

Kuzifunga hakukumsumbua. Alikata gasketi kwa mkono, akachonga vipande vya alumini vya kuzikalisha, na fimbo ya kuzivuta zote tatu kwa pamoja akaitengeneza kwa chuma cha mwavuli wa ufukweni. Kazi ni kuzilinganisha. Fundi Ziro huchukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja kwenye sikio la kushoto, kama alivyozoea, na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza jinsi inavyovuta pumzi. Zote tatu zinatakiwa kuvuma sawa, kama watoto watatu waliolala kitanda kimoja. Ikizidi moja, anageuza skrubu kidogo. Akimaliza, anaweka finjani ya kahawa, imejaa mpaka ukingoni, juu ya kifuniko cha injini inayounguruma. Kahawa ikimwagika, fundi aliyeifanya kazi anawanunulia wote. Hiyo ndiyo sheria yetu, na aliitunga yeye.

Ilimwagika. Akarudia, ikamwagika. Mwezi wa Mei wote tulikunywa kahawa ya Fundi Ziro, na muuza kahawa akahamishia birika lake mlangoni kwetu. Mzee alilaumu skrubu, akalaumu petroli, siku moja akailaumu finjani yenyewe kwamba imekaa upande.

Hapa tuseme kosa letu. Miaka mitano hivi tulikuwa tunajua kwamba sikio la kushoto la Fundi Ziro limechoka kwa kelele za mashine ya kusaga vyuma. Nani angemwambia? Mtu aliyekufundisha kushika bisibisi unamwambiaje kwamba hasikii? Kwa heshima tukawa tunapaza sauti. Kila mwaka kidogo zaidi. Mwishowe ilikuwa ukipita barabarani asubuhi unasikia "SHIKAMOO BABA NYEVU!", jina tunalomwitia kwa mtoto wake, ukadhani watu wanagombana. Naye alikuwa akitukemea kila siku kwamba vijana wa sasa hawana adabu, wanafokea wazee. Tukawa tunaitikia samahani, kwa sauti ya juu.

Wiki ya kwanza ya Juni mimi, mtunza stoo, nilimpelekea karatasi aweke sahihi. Nilikuwa na mwanangu mgongoni, mwenye kifua, ana kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka. Nilisimama kushoto kwake, mtoto akalia, mzee hakugeuka. Nikazunguka kulia kwake. Akashtuka: "Kumbe umekuja na mgeni! Mbona hujanitambulisha?" Nikatazama ule mpira wa maji mkononi mwake, nikaelewa kahawa inamwagika kwa nini. Sikutaka kusema. Lakini injini ile ilikuwa imebakisha wiki tatu.

Nikamwambia: "Baba Nyevu, nisamehe. Sikio unalosikilizia kabureta halisikii. Na sisi tumekukosea, tumejua tukanyamaza."

Karakana nzima iliacha kazi. Fundi Ziro akakaa juu ya tairi, akafuta vidole kimoja kimoja, akauliza, "Tangu lini?" Hesbon wa umeme ndiye aliyejikaza: "Tangu ile Krismasi ya korona, mzee wangu." Mzee akainamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. "Yaani miaka yote hii nawaombea kwa Mungu awape adabu," akasema, "kumbe adabu ndiyo iliyokuwa inanifokea!"

Hakucheka kwa muda mrefu. Alikwenda nyumbani mapema siku ile, na tuliomwona akitoka hatukumpigia kelele wala hatukumnong'onezea. Hatukujua tufanye nini.

Asubuhi yake alikuja kabla ya mlinzi kufungua lango. Alimwita Linet, fundi wa mwisho kupita mikononi mwake, msichana wa Kakuyuni mwenye maneno machache, akampa ule mpira. "La kulia nimelijaribu, halijui kazi hii. Wewe leo ni sikio, mimi ni mkono. Ikivuta sana inua kiganja, ikivuta kidogo shusha. Na usinionee haya. Ukinionea haya, Mwalimu anapoteza injini." Linet akainama. Ya mbele ilikuwa inavuta kuliko wenzake, kama mtu mwenye njaa anavyovuta tonge. Kiganja juu. Mzee akageuza skrubu robo. Kiganja bado juu. "Una hakika?" Linet akamjibu, "Mzee, geuza." Akageuza. Hayo yaliendelea mpaka saa sita, na nilimsikia mzee akilalamika kwamba amefundisha askari wa trafiki.

Mwalimu Jedida alikuja mwenyewe alasiri, na mwanawe nyuma yake na simu mkononi, tayari kumwita mtu wa winchi. Injini ikawashwa. Sitaweza kuuandika mlio ule. Ulikuwa mnene na laini, na hata kinyozi jirani yetu alitoka nje na wembe mkononi. Finjani ikawekwa. Kahawa ilitetemeka ukingoni, ikatetemeka, ikatulia. Mwalimu akaichukua pale juu ya injini akainywa yote, akasema, "Ndivyo alivyoniambia itakavyolia." Mwanawe akarudisha simu mfukoni. Injini ya Mombasa iliondoka Jumatatu iliyofuata, na nailoni yake haijafunguliwa.

Jumatano iliyopita Datsun ilirudi kuangaliwa, na safari hii Linet alizilinganisha kabureta peke yake, sikio lake na mkono wake. Fundi Ziro alisimama mbali, mikono mfukoni, akijilazimisha kutozungumza, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Linet alipomaliza, mzee alikuja akaweka kiganja juu ya bodi, akafumba macho akitafuta mtetemo kwa vidole. Hakuupata. Akamwambia Linet, "Basi," akaenda kunawa mikono.

Baba Nyevu, umetupa miaka thelathini na minane na hukutuficha chochote unachokijua. Ahsante kwa ufundi, kwa kukemea, kwa kahawa ya mwezi wa Mei. Ahsante zaidi kwa kutuvumilia tulipokuambia ukweli tukiwa tumechelewa. Kadi ya daktari wa masikio tumeitia ndani ya bahasha yako, na Mama Nyevu ameahidi kukupeleka, kwa hiyo usijaribu kuipoteza. Nenda ukalime mihogo yako, ulale mchana, ule samaki wa moto. Maisha yako ya mbele na yawe mema na marefu. Na asubuhi ukiamka ukawa na wasiwasi ni gari la nani linasubiri, geuka ubavu wa pili ulale: Linet keshafika kazini.

Purity Pola wa stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mwendo Pole